Herufi Nyofu za Kambi Muru

Kabiro, Kawangware
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na tafadhali zipokee ukiwa umekaa, maana najua barua zangu huwa unazisoma umesimama mlangoni huku kuku wakiingia nyumbani. Hujambo? Lile goti la kushoto linasemaje na hii mvua? Na ng'ombe, amezaa ama bado anatutania? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Si uchovu wa ugonjwa. Ni ule wa mtu aliyeongea sana bila kueleweka, na kesho bado anatakiwa kazini.

Naandika Kiswahili kwa sababu mara ya mwisho nilipojaribu Kinyore chetu ulisema kinanuka Nairobi. Na naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu ungeniuliza kama nimekula, ningesema ndiyo, ungeanza habari za mazishi ya watu nisiowajua, na maneno yangu yangebaki tumboni. Haya ninayotaka kukuambia yanahitaji nafasi.

Anayekuletea barua hii ni mdogo wako mwenyewe, mama mdogo Rispa. Ukitazama nyuma yake utaona lori la mtu wa ndizi, ambaye huleta mzigo hapa soko la Kawangware na kurudi huko kwetu na lori tupu. Ndani ya lori kuna mabati, nguzo, kitanda, na yale masufuria yake ya kukaangia samaki. Ndiyo, mama. Hiyo ni nyumba yake ya Kambi Muru, yote imekuja hapo. Sitaki uipate habari hii kwa watu, kwa sababu watu watasema alifukuzwa Kibera, na wengine watasema ni mimi niliyemfukuza. La kwanza ni uongo. La pili nimelifikiria sana na bado sijui nijibu vipi, ndiyo maana nakuandikia yote, kisha nina jambo la kukuomba juu yake.

Kazi yangu unaijua, ingawa kanisani unawaambia mimi ni fundi wa rangi na wanadhani napaka nyumba za matajiri. Mimi naandika. Bucha, kinyozi, duka la posho, kanisa la mabati, choo cha kulipia, ukipita hapa Kabiro utaona mkono wangu kila kona. Herufi zangu zina kivuli na zina tumbo, na S yangu ina mkia wa kufukuzia nzi. Siku hizi watu wanataka mabango ya plastiki yanayochapwa na mashine, kwa hiyo kazi imepungua, lakini hilo nimeshalilalamikia vya kutosha na limekataa kunisikia.

Basi mwaka huu nikaitwa kazi Kibera. Kule hakuna namba za nyumba. Ukiugua Kambi Muru na ukapigia ambulensi simu, unamwambia dereva apite kanisa la rangi ya samawati, ashuke hadi choo, kisha aulizie Mama Fulani. Dereva anafika kwenye choo, anaulizia, anaonyeshwa Mama Fulani mwingine kabisa, na wewe unaendelea kuumwa. Sasa kikundi kimoja cha mambo ya afya kikaamua kila mlango uandikwe herufi na namba, ili mtu azitaje tu kwa simu na dereva afike. Walikuwa wanatafuta fundi anayejua vichochoro. Nikachukuliwa mimi, kwa kuwa niliishi huko kwa mama mdogo kabla sijahamia Kabiro. Unakumbuka alivyonipokea nikiwa na mkoba mmoja na viatu vya shule. Nililala chini ya meza yake kati ya mabeseni ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki anayokaanga, hadi nguo zangu zikawa na harufu ambayo hata sabuni iliiogopa.

Herufi zenyewe hazikuwa zangu. Zilichorwa na dada mmoja anayeitwa Achieng, anakaa Olympic, pale pembeni mwa Kibera kwenye nyumba za mawe, na amesomea kuchora herufi. Kuna watu wanasomea hiyo, mama, si mchezo. Aliponiletea karatasi ya kwanza nilidhani bado hajamaliza. Herufi zilikuwa tupu. Hazikuwa na kivuli wala vimkia miguuni, na hazikunenepa mahali popote wala kukonda. O ilikuwa duara la bikari. L ilikuwa mistari miwili ya rula, basi. Nikamwambia dada, hizi hazina chumvi. Akacheka, akasema kuondoa chumvi ndiyo kazi aliyopewa.

Ni herufi ambazo umeziona miaka yote bila kuziangalia. Ziko kwenye vibao vya hospitali, kwenye pakiti ya mbegu za mahindi, ndani ya simu yako ukiiwasha, kwenye vibao vya barabara kuu, na naambiwa uwanja wa ndege hauna nyingine. Zinawekwa mahali ambapo mtu ana haraka ama ana wasiwasi, na hana muda wa kusifu mwandiko. Achieng alisema mgonjwa hatafuti uzuri, anatafuta mlango. 

Nilianza kuzipenda kwa shingo upande, nikijifanya sizipendi. Kumbe ule utupu una kazi nyingi ndani yake. Ukichora O na H kwa urefu uleule kabisa, jicho linakuambia O ni fupi, kwa hiyo lazima O ipite mstari kidogo juu na kidogo chini ndipo zionekane sawa. Mstari uliolala ukiwa na unene uleule wa uliosimama, unaonekana mnene zaidi, kwa hiyo unaupunguza kidogo na hakuna atakayejua. Herufi hizi zikiwa za duara tupu, O na sifuri ni mapacha, kwa hiyo Achieng aliibana sifuri ikawa kama yai na O akaiacha iwe sahani. Nane alifanya tumbo la chini likawa kubwa kuliko la juu, la sivyo inaonekana kama imesimamishwa kichwa chini. Mambo madogo hivyo, na yeye anayafanyia kazi kama mtu anayechambua mchele.

Tena alikuja kuzijaribu mwenyewe. Alibandika karatasi kwenye mabati, akaniambia nirudi nyuma, nirudi tena, mpaka nikawa karibu kuingia mtaroni, nisome. Mabati yana migongo na mabonde, mama, na yale mabonde yanameza herufi. Mstari mwembamba ukianguka bondeni umepotea. Jua la mchana nalo linang'aa pale juu hadi tatu inageuka nane. Achieng akarudi Olympic, akazinenepesha, akazipanua, akaongeza nafasi kati ya moja na nyingine, akaja tena. Alifanya hivyo mpaka nikamwonea huruma. Mwishowe mama mmoja anayeuza mboga, ambaye anasoma kwa kuokota herufi moja moja, alizisoma zote akiwa ng'ambo ya reli bila kukunja uso. Siku hiyo Achieng alininunulia chai na tukakaa kama watu walioshinda kitu.

Tulizikata kwenye zile filamu nyeusi za eksirei ambazo zimeshatumika, kwa sababu unaziweka mlangoni na kupaka rangi juu ya matundu, nazo ni ngumu na hazilowi. Ukiiinua juani unaona mbavu za mtu, na katikati ya mbavu tundu la namba nane. Ukizikata hivyo, lazima uache vidaraja vyembamba vya filamu ili tumbo la ndani la nane lisidondoke, na ukishapaka vile vidaraja vinabaki kama nyufa. Mimi nilikuwa naondoa filamu, kisha nachukua brashi ndogo na kuziba kila ufa kwa mkono, taratibu, mpaka herufi inakuwa nzima na safi kama imeshuka kutoka juu. Hakuna aliyenituma. Nilifanya kwa sababu ya fahari tu, na ninakuambia hili kwa sababu huko mbele utaona lilivyonigeuka.

Rangi tuliikwepa nyekundu. Kila mtu Kibera anajua X nyekundu maana yake ni nini, ni nyumba itakayobomolewa, kwa hiyo tukachagua samawati. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza, karatasi zilibandikwa, na watu wa mradi walipita nyumba kwa nyumba, angalau zile walizokuta wenyewe. Tukaona tumemaliza kila kitu. Tukaanza upande wa juu, tukishuka.

Nyumba ya mama mdogo tuliifikia asubuhi wakati yeye ameenda kuchukua samaki. Ningeweza kumngoja. Lakini mawingu yalikuwa yamejaa, rangi haipendi mvua, na nikajiambia huyu ni mama yangu mdogo, nitamweleza jioni. Nikaandika mlango wake vizuri kuliko milango yote. Niliziba kila kidaraja, nikasimama nyuma, nikaona nimefanya kazi. Jioni mvua ikanyesha kweli, nikapitia njia ya juu nikaenda kwangu Kabiro na miguu imelowa. Sikushuka kumwona.

Asubuhi iliyofuata navuka Ngong Road, simu ikalia, ni Achieng. Sauti yake haikuwa sawa. Akaniambia nije haraka, watu wanavua mabati.

Hiyo inahitaji nikueleze. Watu wa Kibera wakijua tingatinga linakuja, hawalingojei. Wanapanda juu wenyewe, wanang'oa misumari mmoja mmoja, wanashusha mabati kabla hayajapondwa. Tingatinga likikuta nguzo tupu limekuacha na kitu. Likikuta nyumba, limekuacha na nguo uliyovaa. Ni akili ya watu walioumwa na nyoka. Na yule aliyeumwa zaidi ya wote pale kichochoroni ni mama mdogo Rispa, kwa sababu zamani, akikaa upande mwingine kabla ya Kambi Muru, nyumba yake ilikuwa pale barabara ilipopita. Walikuja wakaandika namba mlangoni. Wakasema ni za kuhesabu watu tu. Aliwaamini, akaenda sokoni, akarudi akakuta mabati yamekunjwa kama karatasi ya maandazi. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelala chini ya meza yake na kulisikia mara nyingi, na bado halikunijia kichwani nikiwa na brashi mkononi.

Nilipofika, paa lote lilikuwa chini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya nyumba isiyo na nyumba, ananyoosha misumari kwa nyundo na kuiweka kwenye kopo. Majirani watatu walikuwa wameanza kupanda juu ya paa zao pia, wakimtazama yeye. Nikamsalimia, akaitikia vizuri, kama mtu ambaye yuko kazini. Nikamwambia mama mdogo, acha hayo mawazo, ni mimi nimeandika hizo namba.

Akaacha nyundo. Akautazama mlango, uliokuwa umeegemezwa kwenye nguzo.

"Wewe?" akasema. "Wewe ukiandika mimi huona mkono yako. Hapa mkono iko wapi?"

Nami nikautazama mlango. Yeye hasomi sana, unajua, lakini anajua maandishi kama wewe unavyojua ng'ombe wa majirani. Kwake yeye, herufi yenye kivuli na mkia imeandikwa na mtu, mtu anaweza kutafutwa, anaweza kuulizwa. Herufi nyofu, safi, isiyo na kosa hata moja, ni ya ofisi. Ni ya wale wanaokuja na karatasi na kuondoka bila jina. Rangi haikuwa na maana yoyote kwake. Tulihangaika juu ya nyekundu na samawati, na yeye alikuwa anasoma unyofu. Na mimi ndiye niliyeziba zile nyufa kwa mkono wangu, ili pasionekane mkono.

Nikamweleza habari ya ambulensi. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Wale wa barabara pia walituma kijana mpole. Hata alikuwa anatuita mama." Akaendelea na misumari yake. Nilitaka kuketi chini nilie, lakini watu walikuwa wananitazama waone kama kweli najua kitu, kwa hiyo nikabaki nimesimama kama nguzo zake.

Mchana mwenyekiti aliita mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Achieng alisimama mbele ya watu wenye hasira, msichana mwembamba hivyo, akaeleza kila kitu, herufi ni za nini, nani amelipia, nani atazitumia. Walimuuliza maswali makali na hakukimbia. Mtu mmoja akamuuliza mbona zinafanana na za serikali.  Achieng akasema ukweli, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Alisema, "Nilijaribu kama mtaweza kuzisoma. Sikuwauliza zitawakumbusha nini. Hapo nilikosea, poleni." Watu walipoa. Walioanza kung'oa misumari walirudi kuigongelea. Tulikubaliana kwamba kuanzia kesho hatutaandika mlango ambao mwenyewe hayuko, na tena mwenye nyumba ndiye atakayeshika filamu kwa mikono yake miwili mimi nikipaka, na yeye ndiye atasema ikae juu au chini. Herufi hazikubadilika hata kidogo, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyezikimbia. Mpaka utaona mtu na alama ya samawati kidoleni akijisifu kwamba namba yake ameandika mwenyewe.

Lakini kwa mama mdogo tulikuwa tumechelewa. Alikuja mkutanoni, alisikia, aliamini, nadhani aliamini, akasema kesho yake nimsaidie kusimamisha nyumba tena, maana hata nguzo alikuwa ameshazing'oa, na usiku huo atalala kwa jirani. Nikamwambia nitakuja mapema. Nilikuja mapema. Nikakuta pale pake pamesimama nguzo mpya, mbichi, na mwanamume aliyekuwa amepanga chumba nyuma yake anapigilia mabati yake mwenyewe. Hakuwa na haya wala hasira. Alisema alikuta mahali wazi. Tulimwita mwenyekiti. Mwenyekiti alisikitika sana, alimwita mama mdogo dada, na akasema jambo ambalo kila mtu alilijua: Kambi Muru ardhi si ya mtu, chako ni kile umesimamisha, na aliyeshusha ameshusha. Mama mdogo hakubishana. Alienda akakaa juu ya mabati yake yaliyopangwa vizuri, akajifunika uso na leso, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku zile mumewe alipoleta mke mwingine. Niliumia, mama. Mpaka leo nikimeza chakula nasikia kama kimepita mahali penye kidonda.

Nikamleta hapa Kabiro. Chumba changu unakijua kwa picha, ukinyoosha mkono kutoka kitandani unafungua mlango. Alilala kitandani na mimi chini, kwa hiyo tulirudia maisha yetu ya zamani, ila tumebadilishana. Mabati tuliyaegemeza nje, na kila siku kijana anayesimamia ploti aliuliza yanaondoka lini. Mama mdogo alijaribu kukaanga samaki hapa, lakini kila kona ina mama wake, na mama mwenye kona hapendi mgeni. Hakugombana nao. Alikuwa anarudi na beseni lake limejaa, anasema leo watu hawakuwa na njaa. Alikuwa anafua nguo zangu hata zilizo safi. Mtu aliyezoea kuamka na kuwa na kwake hawezi kukaa kwa mtu, hata kama huyo mtu alilala chini ya meza yake.

Na sasa nikuambie jambo ambalo limenichosha kuliko yote, kwa sababu ni zuri. Juzi jirani wa mama mdogo kule, mwanamke kijana, alishikwa na uchungu mapema na damu nyingi. Dadake akapiga simu, akasoma herufi na namba za mlangoni, na ambulensi ikaja mpaka pale njia ya gari inapoishia, wauguzi wakashuka na machela moja kwa moja, bila kuuliza mtu. Yuko hai, na mtoto yuko hai, msichana. Achieng alinipigia akilia kwa furaha, na mimi nilifurahi, kweli nilifurahi, kazi yetu ilifanya kile kitu tulichoahidi. Halafu nikainua macho nikamwona mama mdogo anakunja blanketi langu. Nikamwambia. Akasema, "Basi ni vizuri. Ni vizuri sana, Enos." Akaendelea kukunja. Jioni hiyo ndipo aliposema anataka kurudi nyumbani.

Mpaka hapa nimemsomea barua yote. Ameniambia nifute pale nilipoandika kwamba alilia. Sikufuta. Amesema pia kwamba nimemfanya Achieng kuwa mwembamba kupita kiasi. Sasa ametoka kwenda kufunga masufuria, na haya yanayofuata sijamsomea.

Najua unafikiria nini. Unafikiria baba mkubwa. Atakuja na fimbo yake, atakohoa, atauliza tangu lini mwanamke akaja kujenga kwa shemeji yake wakati ana kwa mumewe na ana kwa baba yake. Na sote tunajua kwa mumewe kuna mke mwingine, na kwa baba yenu wamebaki watoto wa kaka yenu ambao hata jina la mama mdogo hawalijui vizuri. Usibishane na baba mkubwa. Mwambie ana haki, hakuna nyumba itakayojengwa. Ila jiko lako lile la nyuma, ambalo ukuta wake ulianguka wakati wa mvua za mwaka jana, linahitaji kusimamishwa upya, na mwanao Enos amekutumia mabati. Nyumba inasemwa na wanaume, lakini jiko ni la mama, na sijaona mzee wa kwetu anayejua jiko linatakiwa kuwa na ukubwa gani. Fanyeni liwe refu. Wekeni ukuta katikati, upande mmoja moshi, upande mwingine kitanda chake. Dirisha litazame barabarani, maana amezoea kuona watu wakipita. Mabati yanatosha, nimeyakagua, na misumari yote ameinyoosha mwenyewe.

Mtafutieni pia mahali pa kukaangia pale sokoni Luanda. Atakataa kwanza. Msukume kidogo.

Nisalimie kaka yangu Javan, na umwambie aje na kamba ya kushushia mizigo, asije na maneno. Nisalimie mke wake, na umshukuru kwa kukuchotea maji. Msalimie mchungaji, na yule mama wa kwaya anayeulizaga nitaoa lini. Mwambie bado naziba nyufa. Baba mkubwa mpe salamu za heshima, za mbali. Na kaburi la baba, kama majani yamekua, Javan ayafyeke kabla mama mdogo hajaenda kuliona.

Mimi kesho narudi Kambi Muru, bado vichochoro viwili vya chini. Nitakuja Desemba kama mgongo utakubali.

Mama, jambo moja tu na nimemaliza. Lori likisimama, utamwona anashuka akitabasamu, ameshika mkoba, anaongea sana. Atakuambia amekuja kukutembelea. Mpokee mkoba. Mpe maji. Muulize habari za safari, muulize habari zangu, mseme hata kwa unene wake kama ulivyozoea. Lakini nakuomba, na umwambie kila mtu hapo nyumbani, asiwepo hata mmoja wa kumuuliza anarudi lini.

Ni mimi mwanao,
Enos